Gari Lisilo na Kiwanda

Ndani ya treni ya metro ya kwenda Nansha, nchini China, Njoki alimsikia Elinami, mwanafunzi, akiongea Kiswahili kwenye simu. Alipomaliza tu, akamvamia.

"Kijana wangu, nisaidie. Leo natia sahihi niwe wakala wa magari ya umeme Nairobi. Jana niliomba kuona kiwanda, wakanionyesha meza nane na mtu anakula tambi!"

"Hiyo ni kampuni changa, mama. Inalelewa kwenye jengo maalumu, inapewa ofisi bure na washauri. Wao wanachora gari. Bodi ya gari inaundwa na wengine, betri na wengine."

"Kwani ni chekechea? Sasa gari ni la nani?"

"La kwao."

Miaka tisa ya biashara, Njoki hajanunua hata zipu bila kuiona mashine inayoitengeneza. "Betri ikifa, nawapata wapi?"

"Hapo hapo. Ila mwakani wanahitimu, wanahama."

"Wanaenda wapi?"

"Inategemea. Wengine wanakua haraka, wanajenga kiwanda. Wengine..."

Treni ikasimama. Abiria wakamsukuma Njoki nje. "Wengine nini?" akapaza sauti.

Milango ilikuwa imeshafungwa. Nyuma ya kioo, Elinami alikuwa anamweleza kila kitu.