Mwalimu Tone, Aliyekuja kwa Muhula Mmoja

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha kemia katika shule yetu, Mwalimu Tone anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Siku alipofika aliambiwa atakaa muhula mmoja tu, kumshikia nafasi mwalimu aliyekuwa amekwenda likizo ya uzazi. Mwalimu yule hakurudi, na mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa ana watoto wake. Mwalimu Tone bado yuko maabara, anaosha mirija.

Kwa desturi wasifu kama huu huandikwa na mwalimu mwenzake, na hata safari hii ilikuwa hivyo mwanzoni. Rasimu ikaandikwa, mwenyewe akapelekewa aikague. Akaisoma hadi mwisho, akavua miwani, akauliza: "Huyu mtu mwema hivi, mnamzika lini?" Kisha akaomba kazi apewe mwanafunzi wa kidato cha mwisho, kwa kuwa mtu mwenye mtihani mbele yake hana muda wa kusifu kupita kiasi. Ndivyo kalamu ilivyofika mikononi mwa mwandishi wa wasifu huu.

Mwandishi aliipokea kwa mikono miwili, na alikuwa na sababu yake, ambayo ni vizuri ijulikane mapema. Sherehe yetu ni Alhamisi. Ijumaa yake dirisha la kuomba vyuo vikuu linafungwa, na wakati kazi hii inaanza, mahali pa kujaza chaguo la kwanza palikuwa peupe. Moyo ulikuwa unasema kemia. Nyumbani walikuwa wanauliza: kemia, halafu?

Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni shangazi. "Daktari ana jina," alisema. "Mwanasheria ana jina. Hata fundi bomba ana jina, na watu wanampigia simu. Wewe uliyesoma kemia tutakuita nani? Harusini nikikutambulisha, niseme huyu ni nani?" Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa na pini mdomoni, ila macho yake nayo yaliuliza.

Mwandishi akajiambia kwamba akiyaandika maisha ya Mwalimu, na akiwauliza wale aliowafundisha, jibu litajitokeza lenyewe. Hapa ndipo mambo yalipoanza kuchanganyika.

Hata jina lenyewe lilimchanganya. Wapo wanaosema anaitwa Tone kwa sababu ya bureti, ule mrija mrefu wenye koki, unaodondosha asidi polepole mpaka rangi ibadilike, naye husimama nyuma ya mwanafunzi akinong'ona, "Tone. Tone. Tone. Ah! Umemwaga ndoo." Mlinzi wa getini anasema si kweli: jina lilitokana na paa la maabara lililokuwa likivuja, na Mwalimu akifundisha huku amekinga mabeseni. Katibu wa shule anaapa kwamba jina hilo alikuja nalo. Mwenyewe alipoulizwa alisema wote wako sahihi, kisha akasema hakuna aliye sahihi, kisha akaomba apewe kitambaa cha kufutia meza.

Historia yake ya kazi angalau ina mpangilio. Alisoma kemia chuo kikuu wakati darasa zima lilikuwa na wasichana wachache wa kutosha benchi moja, yeye akiwa mmoja wao. Alipohitimu aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kazi yake ikiwa kuhakikisha kwamba sabuni haiunguzi ngozi. Alipima kwa vifaa, halafu kwa siri akapima kwa mkono wake mwenyewe, mpaka msimamizi alipouona mkono ule umekuwa mwekundu. Anasema ilikuwa kazi nzuri. Aliacha kwa nini, basi? "Sabuni haiulizi maswali," ndilo jibu alilotoa. Mwandishi aliliandika, akalitazama, hakujua alifanyie nini.

Hapa shuleni alikuta maabara yenye kabati lisilofungika na sinki moja. Alipigania paa jipya likapatikana. Alipigania miwani ya kinga kwa kila mwanafunzi, na mkaguzi aliyekuja kutoka ofisi ya elimu akataka kuingia bila kuivaa alibaki mlangoni mpaka alipoivaa, akakagua akiwa amefanana na panzi. Yupo pia anayekumbuka siku darasa lilipotengeneza ile gesi inayonuka kama yai viza, na upepo ukaipeleka moja kwa moja kwenye kikao cha wazazi ukumbini. Inasemekana kila mzazi alimtazama jirani yake, na kikao kilichokuwa kiendelee hadi jioni kilifungwa haraka kwa kauli moja.

Lakini anachokumbukwa nacho zaidi ni utaratibu wake wa kazi. Kila ukurasa wa mazoezi hugawanywa kwa mstari katikati. Upande mmoja huandikwa "Nimeona", upande wa pili "Nadhani". Alama nyingi ziko upande wa kwanza. Ukiandika kwamba chumvi uliyoichoma ni ya shaba kabla hujaandika kwamba moto ulikuwa kijani, umekosa, hata kama kweli ni ya shaba. Wengi tumelia kwa ajili ya mstari ule.

Basi, mwandishi akawatafuta waliosoma kemia chuo kikuu baada ya kupita mikononi mwake.

Wa kwanza ni mama mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha rangi za nyumba. Hupaka rangi kwenye vibao vidogo, huvipanga juu ya paa la nyumba yake vipigwe jua na mvua, halafu husubiri kuona ni ipi itakayobanduka. Majirani wanaamini ameshindwa kumalizia uzio. Kuhusu chuo alisema: "Mwaka wa kwanza nilidhani nimekosea mlango nikaingia darasa la hesabu. Hesabu, hesabu, hesabu! Mchana wenzetu wa masomo mengine wako kantini, sisi tuko maabara mpaka giza linaingia, makoti yana matundu ya asidi. Mdogo wangu, usiende kama hupendi." Mwalimu alimshauri nini? "Aliniambia nisiende kusoma kemia."

Wa pili ni kaka anayesimamia usafi wa maji ya mji. Kila siku hupima maji kabla hayajaingia mabombani. "Kazi yangu nikiifanya vizuri hakuna kinachotokea," alisema akicheka. "Watu wanakunywa, wanaoga, wananilaumu kwa presha ndogo ya maji. Nikiikosea siku moja, ndipo mtanijua jina." Mwalimu alimshauri nini? "Niende. Alisema niende haraka."

Wa tatu ni dada wa kiwanda cha dawa, ambaye huangalia kama vidonge vinayeyuka kwa wakati wake, kwa kuwa kidonge kinachogoma kuyeyuka tumboni hakina tofauti na kokoto. Yeye alisema Mwalimu hakumshauri lolote, alimpa mirija aoshe.

Wa nne alimvuruga mwandishi kabisa. Alisoma kemia hadi shahada ya pili, na leo yuko benki. Wenye viwanda wakija kuomba mikopo, ndiye anayekwenda kuuliza maji machafu yanaelekea wapi na moshi ule una nini. "Mabosi wangu wanajua pesa," alisema. "Mimi najua mtu akiniongopea kuhusu bomba." Je, anajuta kuiacha maabara? "Nimeiacha? Sijui kama nimeiacha." Mwandishi aliyeuliza swali alirudi nyumbani na maswali mawili.

Kwa hiyo mtu akisoma kemia anakuwa mpishi wa rangi, au mlinzi wa maji, au mwamuzi wa vidonge, au mtu wa benki. Wengine tulisikia wako mashambani wanapima udongo, na mmoja yuko maabara ya polisi, ambaye hakupokea simu. Mwalimu mmoja huyo huyo alimwambia huyu nenda, yule usiende, na mwingine osha mirija. Shangazi alipoulizia utafiti umefikia wapi, alijibiwa kwamba unaendelea. "Naona," alisema shangazi. "Umekonda."

Ikabaki kumuuliza Mwalimu mwenyewe. Jumatatu alasiri mwandishi alikwenda maabara na maswali yake. Mwalimu hakukubali kukaa. Alisema hajui kuhojiwa mikono ikiwa mitupu, wala haoni kwa nini mwandishi naye akae bure. Akamsukumia unga mweupe kwenye kibakuli kisicho na jina, waya mwembamba, na kichomeo cha gesi. "Huku unauliza, huku unanitafutia huu ni unga gani."

Zoezi lenyewe ni la kawaida. Unachovya waya kwenye unga, unauweka motoni, unatazama rangi ya moto. Kila metali ina rangi yake. Mwandishi alichovya, akachoma, moto ukawaka njano kali. Akachora mstari katikati ya ukurasa. Nimeona: njano. Nadhani: chumvi ya sodiamu. Akaona amemaliza, akafungua kinywa kuuliza la chuo.

"Waya umeushika wapi?" aliuliza Mwalimu.

Mwandishi akaonyesha. Kwa vidole, katikati, tena karibu na ncha.

"Na vidole vina nini leo?"

Vilikuwa vimelowa. Mwandishi alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi, na viganja vyake vilikuwa vinatoa maji kama ndimu iliyokamuliwa. Mwalimu Tone akacheka hadi akashika meza. Jasho lina chumvi, chumvi ina sodiamu, na sodiamu kidogo kabisa yatosha kuufanya moto wote uwe njano. "Kila mwaka," alisema, "yupo mwanafunzi anayegundua jasho lake mwenyewe na kuliandikia ripoti."

Wakausafisha waya kwa asidi, ukachomwa tena. Njano ilipungua lakini haikuisha. Ndipo Mwalimu alipotoa mfukoni mwa koti kipande cha kioo cha buluu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka mbele ya macho ya mwandishi. "Njano ni kama shangazi kwenye kikao cha ukoo," alisema. "Si mbaya, ila akishaanza, mwingine hasikiki. Kioo hiki kinamwomba anyamaze kidogo. Sasa tazama."

Ni lazima isemwe kwamba Mwalimu hamjui shangazi wa mwandishi, na hajawahi kusimuliwa habari zake.

Nyuma ya kioo njano haikuwepo. Palikuwa na ulimi mdogo wa moto wa zambarau nyepesi, uliotokea, ukatetemeka, ukapotea. Ilikuwa potasiamu. Ilikuwemo tangu mchomo wa kwanza.

Mwandishi aliuliza sasa, kwa sababu asingeuliza pale asingeuliza tena: je, achague kemia? Kwa nini mwingine aliambiwa nenda na mwingine usiende?

"Mimi simchagulii mtu kozi," alisema Mwalimu, akigeukia sinki. "Yule wa rangi alikuja kuniambia anataka kusoma kemia ili anifurahishe mimi. Nikamwambia asiende. Alipoona anataka kwenda hata nikikasirika, akaenda mwenyewe. Yule wa maji alikuwa anaogopa tu. Muoga unamwambia akimbie kabla hajakaa chini." Akafunga bomba. "Wewe umeiona zambarau. Ulipoiona ulifanya nini?"

Mwandishi alikumbuka. Hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ameuchovya waya tena.

"Mara moja?"

Kibakuli kilikuwa kimebaki kitupu.

Mwalimu Tone alichukua kibakuli akakiosha, na mahojiano yakawa yamekwisha.

Bado mwandishi amechanganyikiwa, na hataki kumdanganya msomaji. Hajui kama atapaka vibao au atapima vidonge, au atakaa benki akiuliza kuhusu mabomba. Lakini Jumanne jioni mahali pa chaguo la kwanza palijazwa, mama akiwa amesimama nyuma ya kiti, pini zote zikiwa zimerudi kwenye kijaluba. Alisoma alichoona kimeandikwa, akasema, "Haya, mwanangu." Shangazi naye alijulishwa. Aliuliza upya mwandishi ataitwa nani. Aliombwa awe anamwita kwa jina lake la nyumbani mpaka hapo itakapojulikana, na baada ya kunung'unika kidogo alisema ni jina zuri tu, yeye ndiye aliyelichagua.

Swali moja la mwisho liliulizwa mlangoni, Mwalimu akiwa anazima taa za maabara. Ule muhula mmoja aliokuja kushika, aliona umekwisha lini?

"Haujaisha," alijibu. "Si bado namshikia mtu?"

Mwalimu Tone, kwa niaba ya wanafunzi wote uliowasimamisha kwenye sinki lile, wa vibao na wa vidonge, wa maji na wa benki, na sisi ambao hatujajua tutakuwa nani, tunakushukuru. Asante kwa mstari wa katikati. Asante kwa paa lisilovuja. Tunakuombea afya njema na asubuhi ndefu zisizo na kengele, na kama nyumbani kuna sinki, waachie wajukuu. Nenda ukapumzike bila wasiwasi. Nafasi yako tutaishika sisi, kwa muhula mmoja tu.