Gitaa la Alfredi ni la Nchi Gani

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda changu cha viatu, karibu na stendi ya Newala. Mwezi wa sita baridi ya huku juu haina adabu, kwa hiyo tunakunywa kahawa ya Tahiri mpaka ukungu uondoke. Tahiri alipanga madaraja ya korosho ghalani miaka ishirini kabla ya kushika birika, ndiyo maana tunamwita Gredi Wani. Safari wa bodaboda tunamwita Taarifa ya Habari. Fundi Yeremia, mtengeneza milango na majeneza, hana jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha kupewa. Siku ya Jumanne akaongezeka Mama Oliva, mjane wa Alfredi mpiga gitaa, tuliyemzika mwezi wa tatu. Gitaa la marehemu alikuwa amelifunga kwenye kanga. Nilipoliona moyo uliniuma, sitaficha.

— Shikamoo mama, Safari akamsalimia, akampisha akae.

— Marahaba, baba. Namsubiri mwalimu wa kwaya, anaitwa Dickson, anakuja na basi la Masasi. Kwenye simu kasema gitaa likiwa la Mjapani atatoa laki nne. Likiwa la Mchina, elfu themanini. Oliva anatakiwa chuo cha uuguzi mwezi wa tisa, na mimi sina kingine cha kuuza.

— Basi hapa umefika, akasema Tahiri. Hilo ni la Mjapani. Alfredi mwenyewe alikuwa anatangaza kila dansi.

Safari akawasha tochi ya simu, akachungulia kwenye tundu.

— Karatasi ipo! Meidi in Japani. Ila... hapa chini pameandikwa suing mashini. Hiyo si cherehani?

Gredi Wani hakuyumba.

— Sasa ajabu iko wapi? Kule kiwanda kimoja kinatoa pikipiki na vinanda. Cherehani ina uzi, gitaa lina nyuzi. Idara moja hiyo.

— Kweli bwana, Safari akakubali, na mimi nikaona aibu kwamba niliitikia kwa kichwa, naye akaendelea: Mchina angeweza kulitengeneza, lakini Mchina ana mafungu matatu: la Ulaya, la Dar, halafu andagredi, la chini kabisa, ndiyo la kwetu. Mkorea yuko katikati.

— Mjapani analaza mbao miaka saba, Tahiri akaendelea. Halafu melini zinapigwa na upepo wa chumvi, zinajifunza sauti. Ndiyo unalipia hiyo safari. Limetoka mbali.

— Na mbao zenyewe je? nikauliza. Mpingo si unakatwa huku kwetu?

— Unakatwa huku, ukirudi una pasipoti, akasema Tahiri, na safari hii hakuwa anatania. Korosho ya Makote, hapo jirani, niliipima kwa mkono wangu, gredi wani. Mwanangu kaniletea pakiti toka Dar, imeandikwa ya India. Nikaila nikaisifu mimi mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Fundi Yeremia aliomba gitaa alishike. Akaligeuza, kidole gumba chake kikapita nyuma pale shingo inapokutana na tumbo, kikasimama mahali pamoja. Pale palikuwa na kiraka kidogo cha mninga. Mimi kiraka kile nakijua, kiko kwenye mlango wangu, kiko kwenye jeneza la mama yangu. Yeremia akifika kwenye fundo la mti hulitoa na kuziba namna ile, hakuna mwingine hapa anayefanya hivyo. Nikamtazama. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole: nyamaza. Basi nikanyamaza, kwa ajili ya Oliva.

Dickson akafika, kijana mpole, mkoba begani. Akatuamkia wote, akapewa pole ya safari, akakaa na kulipokea gitaa. Akakaza nyuzi, akacharaza wimbo wa kuzikia tunaoimba huku. Mama Oliva alijifuta macho na pembe ya kanga. Hata makonda wa mabasi walipunguza kelele.

— Mjapani huyu, akasema Dickson. Nimepiga magitaa mengi, sijakuta kama hili. Laki nne yako, mama, sikuombi hata upunguze.

Mama Oliva hakunyoosha mkono. Akamgeukia Yeremia.

— Fundi, Alfredi alinituma kwako. Alipoona hainuki tena alisema, gitaa lisitoke nyumbani kabla sijakuomba msamaha kwa ajili yake. Karatasi aliibandua kwenye cherehani ya mama yake. Bendi ya Masasi walimwambia hawapandishi jukwaani gitaa la fundi majeneza. Na wewe ulikuwepo siku ile alipotangaza ni la Mjapani.

— Nilikuwepo, shemeji.

— Kwa nini hukusema?

— Watu walikuwa wanacheza.

Hivyo tu. Miaka ishirini na sita tumekaa naye benchi moja. Nilitamani nimfufue Alfredi nimgombeze, halafu nimkumbatie.

Dickson alilitazama gitaa, akamtazama Yeremia, akalilaza magotini taratibu.

— Samahani, mama. Sasa hapo... kamati ya kwaya nitawaambiaje? Nimetumwa la Mjapani. Hili la hapahapa labda niwaombee elfu themanini. Mnielewe.

— Nakuelewa, mwalimu. Mama Oliva alikuwa hana hasira, kachoka tu. Nikuulize kitu kimoja, mimi sikusomea muziki. Tangu nimesema, sauti yake imebadilika?

Dickson akagusa uzi mmoja tena, akausikiliza. Safari akainamia simu iliyokuwa imezimika. Gredi Wani akashika birika, akalitikisa, akalirudisha kwenye mkaa. Akajibu mtu ambaye hatukumtegemea.

— Laki nne, akasema Fundi Yeremia. Ni gitaa la Newala.

Hakupaza sauti. Basi la Tandahimba likapiga honi na kuondoka. Halafu Dickson akatoa simu, akamuuliza Mama Oliva namba ya kumtumia hiyo laki nne.