Wasifu wa Marehemu Bi Tsai Hsiu-luan, Aliyeipigania Sauti ya Bonde la Chumvi

Ndugu, jamaa, majirani na wapenzi wa vikaragosi mliokusanyika hapa Xiluo leo, Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025: maneno haya yanasomwa na mdogo wake marehemu, Tsai Mao-sung, kwa niaba ya familia. Wiki mbili zilizopita familia hii ilikuwa inapika tambi za sherehe, wala hakuna aliyekuwa akifikiria msiba. Wengi wenu mlialikwa kuja kusherehekea, na mmekuja kuzika. Atakayeona maneno haya hayajanyooka, atuvumilie.

Marehemu Bi Tsai Hsiu-luan alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 katika kitongoji cha wakulima wa vitunguu saumu nje kidogo ya Xiluo, wilaya ya Yunlin, Taiwan. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Tsai Huo-shan na Bi Lin Pao, ambao wote wametangulia. Mama yao alikuwa akisema kwamba Hsiu-luan alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na tangu aanze hakupumzika. Bata wa nyumbani aliwapa sauti, kila mmoja yake, na walipogombania pumba yeye ndiye aliyekuwa akisema matusi yao. Alichapwa kwa matusi ya bata zaidi ya mara moja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza shule ya sekondari ya awali mwaka 1977. Akiwa darasa la nne, kipindi cha vikaragosi cha Mabingwa wa Bonde la Chumvi kilianza kuonyeshwa kwenye televisheni saa sita na nusu mchana. Televisheni ilikuwa kwa muuza dawa tu. Siku ya tatu darasa zima halikurudi baada ya chakula. Mwalimu Yeh aliwafuata na fimbo, akamkuta Hsiu-luan mlangoni.

"Wewe Tsai, twende shule!"

"Mwalimu, ngoja kidogo tu. Bwana Mlima Mtupu amezungukwa na watu arobaini."

"Amezungukwa na nani?"

Mwalimu akachungulia. Waliomaliza naye shule wanakumbuka kwamba fimbo ile ilisahauliwa kwa muuza dawa, na mwenyewe hakuirudia.

Kwa wasiokijua kipindi kile: kila kikaragosi, yaani mwanasesere wa kuvaliwa mkononi, awe shujaa, mchawi, kikongwe au mtoto, alisemewa na mtu mmoja, Mzee Hsieh Wan-ting. Koo lake moja lilibeba bonde zima. Na alikuwa na tabia moja ambayo wapenzi wake waliijua kama wanavyojua sauti za mama zao. Kabla ya neno la mwisho la shujaa mkuu, Bwana Mlima Mtupu, Mzee Hsieh alinyamaza. Alinyamaza mpaka mtu akaanza kusikia moyo wake mwenyewe, kisha ndipo neno likaja. Hsiu-luan aliuiga ukimya ule tangu utotoni. Alipotumwa chumvi na mama yake alisimama mlangoni kimya, mkono mmoja umeinuliwa, mpaka akafukuzwa na ufagio.

Kuanzia Julai 1977 hadi alipostaafu mwaka 2020 alifanya kazi katika kiwanda cha sosi ya soya mjini hapa, kwenye uwanja wa mitungi ambako maharage meusi huchachuka juani. Alikuwa mfanyakazi wa kutegemewa na msimamizi mkali, ila mkono wake mmoja ukishika kitambaa, kitambaa kilianza kuzungumza. Mitungi alikuwa ameipa majina ya mabingwa. Wenzake wanasema mgeni akipita uwanjani alikuwa akisikia vifuniko vikitukanana.

Tarehe 12 Januari 1985 aliolewa na Bwana Liau Tien-fu, dereva wa lori la mboga. Siku ya karamu bibi harusi alichelewa sana kutoka chumbani, na alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Mama mkwe alishtuka, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, kama wamekulazimisha niambie sasa hivi. Nitazungumza na baba yako."

"Hapana, mama. Mlima Mtupu ameuawa mchana huu."

"Jirani yenu?"

"Wa kwenye televisheni, mama."

Mama mkwe alikaa kitako kwenye gunia la mchele. Baadaye walikuwa marafiki, na kila kanda mpya ilipofika dukani waliangalia pamoja. Mlima Mtupu, kama wapenzi wanavyojua, alifufuka sehemu ya mia mbili na kumi. Bwana Tien-fu mwenyewe hakuwahi kumaliza kipindi hata kimoja. Alikuwa analala wakati ngoma za mwanzo zinapigwa, akaamka za mwisho, akauliza nani ameshinda. Ndoa yao ilijaliwa watoto wawili, Pei-shan na Yi-tse.

Mwaka 2011 Mzee Hsieh Wan-ting alifariki dunia, na kampuni yake ikasimamisha utengenezaji wa kipindi. Vikaragosi vikatundikwa ghalani. Mwanawe na mrithi wake, Bwana Hsieh Ching-yuan, alisema wazi kwamba hajui pa kuanzia. Ndipo Bi Hsiu-luan akaanzisha chama cha wapenzi wa kipindi, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi uani kwake kulijaa watu wenye mawazo ya kukifufua.

Mawazo yalikuwa mengi kuliko viti. Wapo waliotaka kila kikaragosi awe na mwigizaji wake. Wapo waliotaka mapigano yachorwe kwa kompyuta. Bwana Su, muuza nyama ya nguruwe, alitaka wote waliokufa tangu mwanzo warudishwe siku moja, akapigiwa kelele kwamba bonde halitawatosha. Lakini hoja kubwa ilikuwa ya vijana, wakiongozwa na Kuo Pin-hsun, fundi simu. Walitaka kanda za zamani zilishwe kwenye kompyuta ili mashine iseme kwa sauti ya Mzee Hsieh mwenyewe. Bi Hsiu-luan hakutaka kusikia habari hiyo. Yeye alisema kipindi kianze upya chini kabisa, kwenye viwanja vya mahekalu, na mtu mmoja aliye hai awasemee wote mbele za watu, mwezi baada ya mwezi, mpaka masikio yamzoee. Kamera zije baadaye.

"Shangazi, dunia imehama," Pin-hsun alimwambia. "Wewe bado unarudisha kanda kwa penseli."

"Na wewe simu yako ikiisha moto unakuwa bubu. Mimi nimewahi kuisha moto?"

"Hata kidogo, shangazi. Ndicho tunachoomba."

Uani walicheka wote. Ugomvi wao ulikuwa wa namna hiyo: wanatukanana hoja, kisha shangazi anamfungia kijana mabumba ya wali apeleke nyumbani.

Mwezi wa saba mwaka huu Bwana Hsieh alikuja na habari iliyowakata maini. Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka ng'ambo alitaka kununua vikaragosi vyote, Mlima Mtupu akiwemo, kwa pamoja. Vikiondoka, hakuna tena cha kufufua. Kabla ya kuamua, Bwana Hsieh alitaka kusikia kwanza. Pande mbili zionyeshe onyesho lilelile, la kuagana kwa Mlima Mtupu na mwalimu wake, kwenye uwanja wa hekalu siku ya Jumamosi tarehe 18 Oktoba, saa kumi alasiri. Upande mmoja kwa sauti ya mashine, upande wa pili kwa sauti ya Bi Hsiu-luan. Akiguswa, hauzi. Asipoguswa, anatia saini Jumatatu.

Katika wasifu wa namna hii huwa kuna sehemu ya ugonjwa. Familia haina la kuandika. Alikuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu na alikwenda kliniki kila alipotakiwa. Wiki ile alilalamika bega la kushoto. Mkono wa kushoto ndio aliokuwa akimvalia Mlima Mtupu kila siku akifanya mazoezi, na kila mtu aliyewahi kushika kikaragosi mjini hapa anajua kwamba bega huuma. Binti yake Pei-shan, ambaye ni muuguzi Taichung, alimuuliza kwenye simu.

"Mama, linauma vipi?"

"Linauma kama la mtu aliyebeba shujaa. Usinitie uuguzi wako, njoo Jumamosi upige makofi."

Asubuhi ya siku ile alikunywa uji wa mchele na figili za chumvi, akaacha nusu. Alisema ni woga.

Upande wa Pin-hsun ulianza. Mashine ilisema kwa sauti ya Mzee Hsieh, na wazee wengi waliinamisha vichwa. Ilikuwa nzuri, hakuna atakayesema uongo mbele ya jeneza. Kisha Bi Hsiu-luan akaingia nyuma ya jukwaa na kipaza sauti chake. Wasaidizi walivishika vikaragosi vingine, lakini yeye alikataa kumpa mtu Mlima Mtupu. Alisema kwa sauti ya mwalimu, ya kijakazi, ya mbwa. Watu walicheka walipotakiwa kucheka. Ikaja sehemu ya mwisho. Mlima Mtupu akaweka mkono kifuani, akainua kichwa, na Bi Hsiu-luan akanyamaza.

Uwanja mzima ulinyamaza naye. Walijua kinachokuja, wamekisubiri miaka kumi na minne. Ukimya ukarefuka. Bi kikongwe mmoja akaanza kulia. Kikaragosi kilikuwa kimesimama vilevile, maana mkono ulikuwa umeegemea ubao wa jukwaa. Mpiga upatu alikuwa ameinua kirungu chake akisubiri neno.

"Huyo! Huyo ndiye Mzee mwenyewe!" Bwana Su alisema.

Pin-hsun, aliyekuwa amesimama kando ya vyombo vyake, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Shangazi katumaliza," alisema. Akaanza kupiga makofi. Bwana Hsieh Ching-yuan akasimama akipiga makofi. Uwanja wote ukasimama.

Mtu mmoja hakupiga. Bwana Tien-fu alikuwa nyuma kabisa, karibu na lori lake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa amelala. Alimgeukia mwanawe Yi-tse.

"Mbona mama yako haongezi neno?"

"Ndivyo ilivyo, baba. Ni sehemu ya mchezo."

"Mchezo wao siujui. Mama Pei-shan namjua. Hajawahi kunyamaza hivi."

Akaenda moja kwa moja mbele. Mstari wa kwanza wa viti, kama kawaida, ulikuwa mtupu, umeachiwa miungu, na hakuna mtu anayepita pale. Yeye alipita katikati yake, akavisukuma kwa magoti. Watu walimkemea. "Mzee, toka hapo! Viti vya miungu hivyo! Umelewa?" Alifungua pazia la nyuma, na waliokuwa karibu na spika walimsikia akisema, polepole, kama anayemwamsha mtu asipitwe na kituo: "Mama Pei-shan. Mama Pei-shan, wamekwisha kupiga makofi."

Alikutwa amekaa kwenye kigoda chake, kichwa kimelala kwenye ubao. Pei-shan alimshusha chini, akambonyeza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika. Hospitali ilithibitisha kwamba Bi Tsai Hsiu-luan alifariki dunia saa kumi na moja na dakika ishirini jioni kwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Madaktari walisema huenda alikwisha kuondoka kabla makofi hayajaanza. Familia imeulizwa na wengi kama makofi yale yalimchelewesha kupata msaada. Jibu la madaktari ni hapana, na familia inaomba kila mtu alichukue jibu hilo kama lilivyo, ingawa sisi wenyewe bado tunajifunza kulichukua.

Jumatatu tarehe 20 Oktoba Bwana Hsieh alikuja msibani, akawasha udi, akapiga magoti muda mrefu.

"Mimi ni mtoto wa mwenye ukimya ule," alimwambia Bwana Tien-fu. "Nilikaa mstari wa pili. Nikasimama nikapiga makofi. Sikujua, mzee wangu. Sikujua."

"Hakuna aliyejua."

"Wewe ulijua."

Bwana Hsieh akasema amemrudishia mnunuzi karatasi zake bila saini. Vikaragosi haviuzwi. Kipindi kitaanza tena kwenye viwanja vya mahekalu baada ya Mwaka Mpya, kwa sauti ya mtu aliye hai. Sauti ya nani, bado haijaamuliwa.

Jioni ile wanachama walikuwa wamezunguka meza, wakikunja maua ya yungiyungi ya karatasi ya kumsindikiza marehemu. Habari ile ikapita mkono kwa mkono. Bwana Su akasema awe mwanamke. Mwingine akasema wawe wawili wakipokezana. Mwingine akasema mashine isitupwe kabisa, isaidie kumfundisha huyo mpya. Sauti zikapanda, mtu akagonga meza, maua yakaanguka. Kisha wote kwa pamoja wakakumbuka wako wapi, wakainama kwa aibu. Pin-hsun, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumamosi, alikuwa akiokota karatasi chini.

Bwana Tien-fu aliyekuwa amekaa karibu na jeneza aligeuka.

"Mbona mmenyamaza?"

"Samahani, baba. Tumejisahau."

"Bishaneni. Mkinyamaza atadhani kipindi kimefutwa."

Walitazamana. Ndipo Pin-hsun, bado yuko chini ya meza, akasema kwa sauti iliyopasuka kwamba wawili wakipokezana ni upuuzi mtupu, lazima awe mmoja. Na wakabishana mpaka maua yakaisha.

Marehemu ameacha mume, Bwana Liau Tien-fu. Binti, Liau Pei-shan. Mwana, Liau Yi-tse, na mkewe, Bi Chiang Wen-ling. Mjukuu mmoja, Liau Yu-an. Kaka mmoja, Tsai Mao-lin. Wadogo wawili, Tsai Mao-sung na Bi Tsai Hsiu-chu. Na chama cha wapenzi wa Bonde la Chumvi, ambacho mpaka leo asubuhi hakijakubaliana.

Dada yetu, pumzika sasa kwa amani. Kazi ya kusema tuachie sisi.