Verna Stallard na Kiti Kinacholia

Miaka arobaini na miwili na miezi mitatu Verna Stallard ameketi katika kibanda cha kusikilizia cha kiwanda chetu cha santuri hapa Laurel Bend, Tennessee, sindano mbele yake na penseli nyekundu nyuma ya sikio. Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 2012, penseli inashuka: anastaafu.

Katika kila santuri mia zinazotoka mashineni, moja huenda kwa Verna. Huisikiliza pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho. Akisikia mkwaruzo, huitia alama nyekundu, na zote mia zinarudi kuyeyushwa. Hana upendeleo. Kwaya ya kanisa lake mwenyewe aliikataa mara mbili, na Jumapili akaenda kuketi benchi la mbele bila haya.

Aliajiriwa Juni 1970, akiwa na miaka kumi na tisa. Mwezi wake wa nne kazini ikaletwa albamu ya Wana wa Blackwater, vijana watano wa milima yetu waliokuwa wamechukua nyimbo za reli, za migodi na za mafuriko walizolelewa nazo, wakazitia gitaa la umeme. Leo albamu hiyo, *Makaa na Mkate*, inajulikana dunia nzima. Wakati ule ilikuwa mzigo wa Jumanne tu.

Verna akausikiliza wimbo wa tatu, ule wa mgodi uliojaa maji, akasikia kitu kinalia. Kwii. Kwii. Akatia alama nyekundu. Mia ya pili, kwii. Mia ya tatu, yale yale. Bwana Gilley, meneja wa enzi hizo, akasimamisha mashine, na mafundi wakaifungua hadi skrubu ya mwisho. Grisi ikaisha kiwanda kizima. Kwii haikuondoka.

Mwisho wakampigia simu mpiga ngoma wa bendi, Ransom Tackett. Jamaa alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake, saa ya chakula, akaingia kwenye bwalo letu amemshika mkono bibi yake, Ocie Tackett, mama wa miaka themanini na moja. Bibi ndiye aliyekwenda studio kuwachunga vijana wasilewe. Alipakia kwenye gari kiti chake cha kubembea cha barazani, akaketi pembeni akijibembeza na kumenya maharage huku wakirekodi. Walipomwomba atulie, alikataa katakata. Mumewe alizama katika mgodi ule, na wimbo ule, alisema, hawezi kuusikia akiwa ametulia.

Verna alitamani ardhi ipasuke. Bibi Ocie akamsogezea kipande cha mkate wa mahindi, akamwambia, "Masikio yako mazima, binti. Kibovu ni kiti changu." Santuri zikachapwa na kiti chake ndani. Bibi alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata, na zaidi ya mlio huo wa kiti, hakuna sauti yake iliyorekodiwa popote.

Mengine nitayapitisha haraka, maana Verna hapendi sifa na mimi Earlene wa ufungashaji napenda kusema. Amefundisha wasikilizaji kumi na mmoja. Tangu watu walipozikimbia santuri mpaka walipozirudia, hakuondoka. Chai yake baridi ina sukari ya kumwangusha farasi.

Basi, Mei mwaka huu *Makaa na Mkate* ikarudi kuchapwa upya. Kanda yake ya asili ilikuwa imesafishwa kelele na mafundi vijana wa huko mjini. Verna akasikiliza wimbo wa tatu, akairudisha sindano, akasikiliza tena. Kisha akatia alama nyekundu.

Bi Paxton, meneja wetu wa sasa, alishuka mwenyewe. Alisema santuri haina dosari, mteja anangoja, na kazi ya Verna ni kusikia kilichopo. Asiposaini, atasaini mwingine, na Verna aende nyumbani mapema. Sote tuliziba midomo, nami nikiwemo, na aibu hiyo ninayo bado. Verna aliweka penseli mezani.

"Mwaka sabini niliikataa kwa sababu kile kiti kilikuwemo," alisema. "Leo naikataa kwa sababu hakimo. Mpigieni Ransom."

Ransom sasa ana miaka sabini. Wakamwekea wimbo kwenye simu. Ulipokwisha akauliza, "Bibi yangu mmempeleka wapi?"

Bi Paxton, na kwa hili anastahili sifa, aliisimamisha kazi siku ile ile. Baada ya wiki tatu ikaja kanda nyingine. Verna akafumba macho, akasikiliza, akasaini. Alipotoka kibandani alikuwa akilia, na hakujificha.

Verna, asante kwa masikio yako, na kwa kusimama sisi tulipoketi. Pumzika vizuri na wajukuu, na bustani yako ya nyanya izae. Zawadi yetu ni kiti cha kubembea cha mti wa mwaloni. Kilikuja kipya, kimya kabisa. Dwight wa matengenezo amekilegeza skrubu wiki nzima na kukilaza kwenye mvua siku mbili. Sasa kinalia. Tafadhali usikitie alama nyekundu.