Fundi wa Pazia la Zahanati

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa tatu wa mwashi. Mama yake alisema siku hiyo mvua ilinyesha, na mtoto alitulia kwanza kama anayesikiliza bati, ndipo akalia.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza 1977. Ushonaji alifundishwa na shangazi yake. Wote tulimwita Fundi, hata wanawe. Alishonea barazani, pini mdomoni, mguu ukikanyaga cherehani taratibu kama anayebembeleza mtoto.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983 na fundi baiskeli, ndiye mimi. Kabla ya hapo nilimpelekea suruali moja mara tatu. Akauliza, "Kaka, hii unairarua mwenyewe?" Nikamuuliza bei. Akacheka sana.

Mwaka 2009 zahanati ilianza kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, kila Jumanne. Yeye alishona pazia la chumba. Likawa fupi. Akina mama benchini wakawa wanachungulia miguu: "Ndala zile si za mwenye duka?" Wengine wakaona aibu, wakarudi makwao. Fundi akakata gauni lake la maua, akaliunga pazia mpaka sakafuni. Benchi likajaa.

Nesi akamwambia, "Fundi, wenzako umewasitiri. Wewe unakuja lini?" Akampa kadi ya kuja kupimwa. Jioni Fundi alinisomea, maana mimi sikusoma. Nikamjibu, "Kwani unaumwa wapi?" Akaikunja, akaitia kwenye droo ya cherehani. Hatukuizungumzia tena.

Februari 2022 alianza kutoka damu, na hedhi ilishakoma siku nyingi. Alinificha miezi mitano. Daktari alisema ni saratani ileile, na kwamba ugonjwa huu huja polepole, miaka mingi, na angepimwa mapema ungezuilika. Alipigwa mionzi. Hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu, "Wapeleke wasichana. Uende nao mwenyewe."

Jumanne tarehe 16 Aprili 2024 niliwapeleka binti zetu wawili na mke wa mwanetu. Nikakaa benchini katikati ya akina mama, nimepakata mikoba mitatu. Dirisha lilikuwa wazi. Pazia likawa linajaa upepo na kutulia, kama linapumua, na maua ya lile gauni yakigusa sakafu. Nikawa kama namwona Fundi amesimama pale, bado msichana, anacheka. Siku hiyo binti mkubwa alikutwa na dalili za mwanzo, akatibiwa palepale.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Fundi. Akauliza, "Pazia bado linafika chini?"

"Linafika."

Akafumba macho, akatabasamu.

Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa kumi alasiri. Mpaka sasa, jua likiingia barazani, naisikia cherehani.

Ameacha mume, binti wawili, mwana mmoja na mkewe, na wajukuu watano. Mjukuu wa kike mkubwa ameshapata shuleni chanjo ya kuzuia saratani hiyo.

Kadi yake bado iko kwenye droo, imekunjwa vilevile. Akina mama, Jumanne zahanati iko wazi. Miguu yenu haitaonekana.

Pumzika, Fundi wangu.