Mfumo wa Nyuzi Haukuwa Wangu

Jina la Bwana litukuzwe, wapendwa. Nimemwomba mchungaji nafasi ya kusimama hapa, kwa sababu ushuhuda wangu wa leo unaufuta ule nilioutoa mbele yenu mwaka jana.

Kwa wasionijua, naitwa Aneth. Nimezaliwa Jang'ombe, hapa hapa Unguja, na kwa miaka sita nimekuwa msimamizi wa usafi katika hoteli moja kule Bwejuu. Mwaka jana niliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kimoja cha hapa mjini. Fomu ilitaka mwombaji aeleze jambo moja aliloanzisha kazini likaleta mabadiliko. Mimi nikaandika kuhusu nyuzi.

Hotelini kwetu shuka na taulo zilikuwa zikichanganyika kila siku. Za jengo hili zinapelekwa jengo lile, mgeni anatoka kuoga hana taulo, lawama juu yangu. Kisha zikashonwa nyuzi za rangi kwenye pembe, nyekundu kwa jengo moja, buluu kwa jingine, na vurugu ikaisha. Niliandika kurasa mbili nzima jinsi nilivyoubuni mfumo huo. Ndugu zangu, sikubuni chochote! Aliyebuni ni Bi Mwanaidi, mama wa pale pale Bwejuu anayefanya kazi chumba cha kufulia. Mimi nilikuta zishashonwa.

Nikaitwa kwenye usaili. Walikuwa walimu watatu, na mmoja wao, mama mwenye sauti ya upole, akaniuliza swali dogo tu: "Kwa nini nyuzi? Kwa nini hukuandika namba?" Nikasema uzi haufutiki. Akasema upo wino usiofutika pia. Nikazungukazunguka mpaka nikawa sijui hata nilianza na nini. Yule mama akafunga faili taratibu. Sikuhitaji kungoja barua.

Nilipokosa nafasi, nilikuja hapa mbele nikasema nimedhulumiwa. Sikutamka sababu, lakini niliyaacha maneno yangu mahali ambapo mngeelewa kwamba nimenyimwa kwa ajili ya jina langu la Kikristo na imani yangu. Mkafunga siku tatu. Wengine mlikuwa wagonjwa, bado mkafunga. Mkawakemea adui zangu, na hao adui walikuwa walimu watatu walioniuliza swali la haki.

Tangu siku ile amani iliniondoka. Mtu akinishika mkono pale mlangoni na kuniambia Mungu atawaaibisha adui zangu, nauchomoa mkono na kuondoka upesi. Nikaanza kukwepa ibada, nasingizia zamu.

Mwaka huu chuo kilipoanza kupokea fomu tena, kulikuwa na swali kwa aliyewahi kukosa: aeleze alikosea wapi na amejifunza nini. Tena walitaka barua ya mdhamini, mtu aliyefanya kazi na mwombaji. Niliandika majibu manne mazuri mazuri, na yote nikayachana. Jumamosi moja mchana nikapiga magoti nikamwomba Mungu anipe jibu litakalowaridhisha. Kilichonijia moyoni ni jina la Bi Mwanaidi. Nikaomba tena, nikitaka kitu kingine. Likaja lile lile.

Jumatatu nikaingia chumba cha kufulia. Nilimkuta anakunja shuka. Mimi ndiye mkubwa wake wa kazi, lakini kwa umri ni mama yangu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza yote. Nilitarajia ashtuke. Hakuacha hata kukunja.

"Nshaisoma ile karatasi," akasema. "Uliisahau kwenye mashine ya kuchapia, mwaka jana."

Nikamuuliza mbona alinyamaza mwaka mzima.

"Nlikuwa nangoja useme mwenyewe."

Kisha nikamuuliza lile swali lililonishinda, kwa nini alichagua nyuzi na si namba. Hapo ndipo aliponitazama. "Bi Mize hasomi," akasema. "Wala wale wawili wa zamu ya mchana. Ningeweka namba, kila siku wangelazimika kuuliza mbele za watu. Kwani wewe hukujua?"

Sikujua, ndugu zangu. Miaka yote ile nilikuwa nikiwapa kina Bi Mize karatasi za zamu, wananiitikia naam, naam, nami napita zangu. Nilikuwa nataka kusomea kuongoza watu, na watu niliokuwa nikiwaongoza siwajui. Nililia pale kwenye mashuka kuliko nilivyolia nilipokosa chuo.

Bi Mwanaidi alikubali kuniandikia barua, kwa sharti moja, kwamba kwanza niende kwa meneja nikamwambie mfumo ule ni wa nani. Nilijua naweza kufukuzwa. Nikaenda nikamwambia. Meneja akasema nirudi baada ya siku mbili. Niliporudi nilipewa barua ya onyo, na Bi Mwanaidi akafanywa mkuu wa chumba cha kufulia. Nilikuwa wa kwanza kumpongeza, na nilimpongeza kwa moyo wote.

Kwenye fomu nikaandika wazi kwamba mwaka jana nilidanganya, nikaeleza nilivyodanganya na niliyoyafahamu baadaye. Nikaitwa tena. Nilipofungua mlango, watu walikuwa wale wale. Yule mama akanionyesha kiti, akaisoma fomu yangu mpaka ukurasa wa mwisho.

"Vyuo viko vingi," akasema. "Kwa nini hukwenda ambako hawakujui?"

"Kwa sababu huko nisingelazimika kusema kweli," nikajibu.

Akaniuliza upya kuhusu nyuzi. Nikamsimulia habari za kina Bi Mize bila kuwataja majina, kama ambavyo hata kwenu Bi Mize si jina lake la kweli, na habari za karatasi nilizokuwa nikiwagawia. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu. Akaniambia naweza kwenda.

Nilingoja wiki tano, na sitawadanganya tena, ziliniuma. Lakini usingizi ulikuwa umesharudi tangu siku ile niliyotoka kwa meneja, kabla sijajua lolote. Bwana aliniokoa kwanza na uongo wangu. Barua ya kukubaliwa ilikuja baadaye, nami namshukuru kwa yote mawili.

Wapendwa, nawaomba radhi. Niliichezea imani yenu na mfungo wenu, na niliwasingizia watu wasio na kosa. Mchungaji ameniruhusu, tukimaliza ibada tuwaombee heri walimu wale watatu.

Na wewe uliyekaa hapo, kama una neno lako ambalo umelizungushia sababu nyingi hata wewe mwenyewe unakaribia kuziamini: mpelekee Yesu leo, kisha nenda kwa mtu uliyemkosea. Usingoje upate ujasiri. Mimi sikuwa nao, nilikwenda na woga wangu, na Bwana akanipokea hivyo hivyo.