Nyayo za Vidole Vinne

Sogeeni karibu wanangu, mnisikilize bila kunikata kauli, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima na mwenyewe keshaanza kupiga hodi. Tongesayi, vua hiyo kofia ya uaskofu, hapa si kanisani, ni chumbani kwa baba yako. Na wewe Netsai, weka kalamu chini. Mwalimu gani hajui kusikiliza?

Najua mnachogombea. Si ng'ombe wangu, maana wamechoka kama mimi, wala si shamba lile la mawe. Mnagombea sanduku la bati lililo chini ya kitanda hiki, lenye madaftari kumi na matatu niliyoandika habari za Nabii Gwatidzo, yule ambaye nusu ya wilaya yetu ya Buhera humwita mjumbe wa Mungu na nusu humwita mwizi wa mifugo. Wewe Askofu wa kanisa lake unataka kuchana kurasa za aibu ubaki na miujiza, na wewe Mwalimu, kwa kuwa umeolewa kwa akina Mudzingwa waliochukuliwa ng'ombe wao, unataka kuchana wema wote ubaki na aibu, kisha uite kitabu. Mkimaliza nyote wawili mtanizika na majalada matupu! Hilo ndilo linalonizuia kufa tangu Jumatatu, si dawa za zahanati.

Sikilizeni nilivyoyapata yaliyomo humo. Miaka ishirini nimezunguka kwa baiskeli nikiuliza watu. Nilianza kwa waumini. Muumini mmoja akaniapia kwamba aliona kwa macho yake Nabii akitembea juu ya maji ya Mto Save. Nikamuuliza ulikuwa na umri gani, akasema, "Nilikuwa sijazaliwa, ila moyo wangu ulikuwepo." Ukipenda, chongo huita kengeza. Nikaenda kwa wanaomchukia, nikaambiwa Gwatidzo alifungwa jela kwa kuiba kuku. Aliyeniambia nikamuuliza, ulifungwa naye? Akakasirika, akanifukuza na chai nikaiacha mezani, chai nzuri ya maziwa. Nikasema basi, serikali haina mapenzi wala chuki, nikaenda kusoma faili la Bwana Shauri wa wakati wa wazungu. Limeandikwa kwamba Gwatidzo ni mlevi hatari. Gwatidzo, ambaye hata togwa la mahewu likichacha kidogo alikuwa hanywi! Aliyeandika alikuwa karani, mjomba wangu mwenyewe, na mlevi alikuwa yeye.

Mwishowe nikapata njia yangu, na huu ndio urithi mkubwa ninaowaachia kuliko hao ng'ombe. Adui akimsifu mtu, andika. Rafiki akimsuta, andika. Yaliyobaki sikiliza kwa adabu, unywe chai yako, urudi nyumbani. Baba mkwe wako, Netsai, mzee Mudzingwa, alimtukana Gwatidzo mbele yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwamba alisema ng'ombe wake watatu wana mapepo, akawachukua kuwatakasa, akawatakasa kwa chumvi na ugali wa sadza. Kisha mzee akasema, "Lakini mwaka wa njaa alilisha watoto wangu, sikumwomba." Nimeandika yote mawili. Na mke mkubwa wa Gwatidzo, aliyempenda mpaka kaburini, ndiye aliyeniambia kwamba baada ya mke wa tisa alikuwa anajidai kuota ndoto za wake wengine kila alipoona msichana mzuri. Nalo nimeandika.

Sasa niinueni kidogo. Mto. Nataka kuusema huo Mto Save kwa mdomo wangu.

Mnajua mimi na Gwatidzo tulikuwa watani, masahwira, kama babu zetu walivyokuwa. Mtani wako ndiye wa kukuzika, na siku hiyo huvaa nguo zako, huigiza mwendo wako, husema uovu wako wote mbele ya watu na hakuna wa kumgusa. Basi kulikuwa na mjane ng'ambo ya Save, mama Shuvai, wakwe zake wamemwita mchawi, wamemfungia kibandani afe kwa njaa. Mto umefurika. Gwatidzo hajui kuogelea, na maji aliyaogopa mpaka ya beseni. Akaniambia, "Chenjerai, nibebe." Nikamwambia, wewe si nabii? Tembea! Akasema, "Acha utani wako leo, mwanamke anakufa." Nikampandisha mabegani. Maji yalinifika kidevuni, kanzu yake nyeupe ikanifunika kichwa, ukungu wa asubuhi nao umetanda, na wanawake waliokuja kuchota maji walichokiona ni Nabii anakwenda juu ya mto. Kilichokuwa chini ya Nabii hawakukiona. Nilikuwa mimi, ninakunywa mto!

Tulipofika ukingoni watu wamepiga magoti. Akafungua mdomo awakatalie, meno yakagongana kwa baridi, wakasema ananena kwa lugha. Mwaka wa kwanza alikana. Wa pili akanyamaza. Wa tatu akaanza kulihubiri. Na zile nyayo za ukingoni mlizozizungushia saruji, Askofu, mnazozibusu kila Pasaka, ukahubiri kwamba vidole vinne vya mguu wa kushoto ni Injili nne... Funua blanketi. Hesabu. Kimoja nilikikata kwa shoka kabla hujazaliwa. Pasaka ishirini na sita watu wanabusu mguu wangu, na mimi nikitaka mtu anikande hapa nyumbani simpati!

Cheka, Mwalimu, cheka. Lakini hujasikia la mwisho. Juu ya mabega yangu mtu yule alitetemeka njia nzima, akalia, akajikojolea, shingo hii ikapata joto lake. Mara mbili nikamwambia, turudi, hakuna atakayekulaumu. Mara mbili akasema, "Twende." Akavunja mlango wa kibanda kile kwa mikono yake. Mama Shuvai aliishi miaka thelathini baadaye. Mwenye kutembea juu ya maji anaogopa nini? Aliyevuka alikuwa mwoga, ndiyo maana nilimpenda yule mshenzi.

Na mimi sikusema. Siku ya mazishi yake nilivaa kanzu ile, nikashika fimbo yake, watu elfu nne wananitazama, wagonjwa wamelazwa mikekani. Nikaigiza alivyokoroma. Nikaigiza alivyokimbia kuku. Ilipofika zamu ya kuigiza mto, nikawaangalia wale wagonjwa, nikaogopa, nikapiga chafya nikakaa. Mtani mzima! Nimemnyima haki yake, mabaya na mazuri, kwa hofu yangu. Nimeishi na aibu hiyo zaidi kuliko alivyoishi yeye na ya ng'ombe.

Basi nasema wosia. Ng'ombe gawaneni, msipigane kwa ajili ya mifupa. Shamba ni la nyote. Sanduku lisifunguliwe na mmoja bila mwenzake. Na siku ya kunizika, mbele ya watu wote, Askofu ndiye atakayesoma kurasa za aibu za Nabii, na Mwalimu ndiye atakayesoma za wema wake. Msibadilishane. Asiyetaka, asinizike.

Maji... kidogo. Inatosha.

Sitaki kungoja mazishi, huenda mkanidanganya. Litoe sanduku. Daftari la nne. Soma, Tongesayi, pale Nabii anapojikojolea. Kwa sauti, mwanangu, kanisani mbona unapaza? Hivyo. Haya, mpe dada yako. Soma pale aliposema "Twende."

Macho yangu hayaoni vizuri. Nani huyo anayecheka? Askofu? Wewe? Na wewe Netsai... mbona umesimama? Soma, mama. Futa machozi usome.

Mungu awaweke... pamoja. Nyinyi ni mikono yangu miwili, msiachane... Rudia hapo, Netsai. Rudia aliposema twende.